Kupima sukari ya damu kwa kimeng'enya cha kuvu: mwongozo wa mezani kwa anayeanza maabara

Kila kundi jipya la wanafunzi wa mazoezi likiingia maabara hapa Moshi, maswali ni yaleyale. Mbona tyubu yangu haijawa ya waridi? Mbona mashine ndogo ya wodini imesoma 8 na mimi nimepata 6? Hizo dakika 10 zina ulazima gani? Kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia, kilicholala nje ya friji bado kinafaa? Majibu ya mdomo yanasahaulika kabla ya chai ya saa nne, kwa hiyo nayaandika hapa.

Mwongozo huu ni wa anayepima kwa mkono, kwa pipeti, tyubu na fotomita (mashine inayosoma ukolezi wa rangi), kama ilivyo kwenye vituo vingi vya afya. Kama maabara yenu ina mashine inayojifanyia kila kitu, ruka hatua za katikati. Zile tatu za mwanzo usiziruke, maana mashine nzuri itapima vizuri kabisa sampuli iliyoharibika, na hakuna atakayejua.

Kinachotokea ndani ya tyubu

Nitasema machache tu. Kimeng'enya tunachokitegemea kinaitwa glukosi oksidesi, na kinatolewa kwenye kuvu aina ya Aspergillus niger. Unaifahamu hata kama hujawahi kusikia jina lake: menya kitunguu kilichokaa sana pale soko la Mbuyuni, ule unga mweusi chini ya ganda la nje mara nyingi ndiyo hiyo. Mdenmaki Detlev Müller alikieleza kimeng'enya hiki mwaka 1928.

Kimeng'enya kinachukua glukosi na oksijeni, kinatoa asidi ya glukoniki na haidrojeni peroksaidi. Kimeng'enya cha pili, peroksidesi, kinaitumia hiyo peroksaidi kuunganisha fenoli na aminoantipirini, na hapo ndipo rangi ya waridi inapotokea. Sukari ikizidi, rangi inakolea. Njia hii ya rangi ilitangazwa na Trinder mwaka 1969 na mpaka leo ndiyo iliyo kwenye maboksi mengi tunayonunua. Uzuri wake ni kwamba kimeng'enya hakihangaiki na sukari nyingine; kinashika glukosi na kuziacha zilizobaki. Udhaifu wake uko kwenye ile hatua ya pili ya rangi, tutaukuta mbele.

Andaa kwanza

- Boksi la vitendanishi vya glukosi, pamoja na karatasi yake ya maelekezo. Namba ninazotoa hapa ni za kawaida. Karatasi ya boksi lako ikisema tofauti, ifuate yenyewe.
- Standadi, yaani myeyusho wenye glukosi ya kiwango kinachojulikana: ya mmol/L 5.55, ambayo ni sawa na mg/dL 100.
- Kontroli mbili, yaani sampuli za kujihakiki ambazo mipaka ya jibu lake inajulikana: ya kiwango cha kawaida na ya kiwango cha juu.
- Pipeti ya mikrolita 10 na ya mikrolita 1000, na tipsi za kutosha.
- Tyubu safi, kyuveti (kichupa cha kusomea kwenye fotomita), kalamu ya kuandikia kwenye kioo.
- Bafu-maji la nyuzi joto 37, lenye kipimajoto ndani. Usiiamini taa ya kwenye kitufe.
- Fotomita yenye nanomita 505. Kati ya 500 na 546 inafaa pia.
- Sentrifuji.
- Tyubu za kuchukulia damu zenye kifuniko cha kijivu, yaani zenye sodiamu floraidi.
- Saa yenye kengele. Simu inatosha.
- Glavu, koti, na boksi la kutupia sindano. Fenoli iliyomo kwenye kitendanishi si ya kuchezea kwa mikono mitupu.

Neno kuhusu maji. Kama kitendanishi chako ni cha unga, utahitaji maji yaliyotoneshwa. Usitumie ya bomba, na huku kwetu sababu inaonekana kwenye meno ya watu: maji mengi ya kuzunguka Meru na Kilimanjaro yana madini, floraidi ikiwemo, na hatutaki kubahatisha yatafanya nini kwenye kimeng'enya. Wala usikimbilie chupa za "maji ya betri" pale kituo cha mafuta. Nyingine ni maji safi, nyingine ni tindikali, na chupa zinafanana.

Hatua kwa hatua

1. Muulize mgonjwa kama amefunga kula, kabla hujamfunga kamba mkononi. Kufunga maana yake ni saa 8 au zaidi bila chochote isipokuwa maji. Usiulize "umekula?" ukaishia hapo.

"Mama, umekula chochote tangu jana usiku?"
"Sijala kitu, mwanangu."
"Na chai?"
"Aa, chai tu. Ya maziwa, kikombe kimoja."

Kwa watu wengi chai si chakula. Mbege, pombe yetu ya ndizi, nayo si chakula, wala dawa ya kifua ya maji yenye sukari. Vitaje kimoja kimoja kwa majina. Akiwa amekunywa, si kosa lake na usimfokee. Andika "hajafunga" na saa aliyokunywa, daktari ataamua kama arudi kesho.

2. Chukua damu kwenye tyubu ya kijivu. Jaza mpaka kwenye mstari, kisha igeuze taratibu juu chini mara 8 hadi 10. Usiitikise. Andika jina na saa ya kuchukua, saa hasa, si "asubuhi".

Onyo: usichukue damu kwenye mkono wenye dripu. Dripu ya dekstrosi ya asilimia 5 ina glukosi zaidi ya mmol/L 250. Matone machache yakichanganyika na damu, mgonjwa aliyepungukiwa sukari atasomeka kama ana kisukari kikali. Nenda mkono wa pili.

3. Tenga plazima, yaani maji ya damu yasiyo na chembe, ndani ya dakika 30. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu makosa mengi ya kipimo hiki yanazaliwa hapa na si kwenye fotomita.

Chembe za damu zikiwa kwenye tyubu bado ziko hai na zinaendelea kula sukari. Damu ikikaa kwenye joto la chumba bila kutengwa, glukosi inashuka kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Sasa fikiria zahanati ya huko juu Kibosho au Uru. Damu imechukuliwa asubuhi, ikamsubiri mwenye bodaboda, ikashuka mjini, ikasubiri foleni ya mapokezi. Saa 3 zimekwisha. Mgonjwa ambaye sukari yake ya kufunga ilikuwa 7.4, yaani iko kwenye kiwango cha kisukari, anasomeka karibu na 6.1. Anaambiwa ajihadhari kidogo na kula, anarudi nyumbani. Kimeng'enya hakijakosea hata chembe, kimepima kilichobaki.

"Lakini si tuna floraidi?" Ndiyo, ila floraidi inazuia hatua ya mwishomwisho ya njia ambayo chembe hutumia kuvunja sukari, kwa hiyo hatua za mwanzo zinaendelea kwa muda. Inachukua saa 1 hadi 2 kushika sawasawa. Saa ya kwanza tyubu ya kijivu inapoteza sukari karibu kama tyubu nyekundu isiyo na floraidi. Baada ya hapo ndipo inapotulia. Hivyo tyubu ya kijivu ni msaada, si ruhusa ya kuchelewa.

La kufanya ni hili: zungusha kwenye sentrifuji kwa mizunguko 3000 kwa dakika, dakika 5 hadi 10, kisha hamishia plazima kwenye tyubu nyingine safi. Kama huwezi kufanya hivyo mara moja, weka tyubu kwenye maji yenye barafu tangu ilipochukuliwa. Kama zahanati ya juu ina sentrifuji, watenge huko huko washushe plazima. Damu ya kichanga, na ya mgonjwa mwenye chembe nyeupe nyingi kupita kiasi, inakula sukari haraka zaidi. Hizo zitangulie foleni.

4. Toa kitendanishi kwenye friji, kiasi unachohitaji tu. Kinakaa nyuzi 2 hadi 8, gizani. Kimimine kwenye chombo safi kipate joto la chumba. Kilichobaki usikirudishe kwenye chupa, hata kama roho inakuuma kwa bei yake. Tazama rangi: kinatakiwa kiwe hakina rangi, au waridi hafifu sana.

5. Panga na uandike tyubu. Blanki (tyubu isiyo na sampuli), standadi, kontroli ya kawaida, kontroli ya juu, kisha wagonjwa. Andika zote kabla ya kugusa pipeti.

6. Weka kitendanishi mililita 1 kwenye kila tyubu, kisha mikrolita 10. Kwenye blanki ni mikrolita 10 za maji yaliyotoneshwa, kwenye standadi ni za standadi, na kadhalika. Tipsi mpya kwa kila sampuli.

Mikrolita 10 ni tone dogo sana, na hapo ndipo mkono wa mwanafunzi unapoonekana. Shusha ncha ya tipsi milimita mbili tatu tu chini ya uso wa plazima. Ukiizamisha, plazima inashika kwa nje. Achia kitufe polepole, kihewa kisiingie. Futa nje ya tipsi kwa karatasi laini bila kugusa tundu, halafu toa ndani ya kitendanishi na usuuze tipsi humohumo mara mbili. Tone moja lililoning'inia nje linaweza kuongeza jibu kwa asilimia ambazo hakuna kontroli itakayokuambia, kwa sababu kontroli uliiweka vizuri.

7. Changanya, washa saa, weka kwenye bafu-maji. Nyuzi 37, dakika 10. Huna bafu-maji? Dakika 20 hadi 25 kwenye chumba cha nyuzi 20 hadi 25. Moshi hilo linawezekana sehemu kubwa ya mwaka. Arusha, asubuhi za Juni na Julai, chumba kiko chini ya hapo, na ukifuata zile dakika utasoma rangi ambayo bado inapanda.

Umeme ukikatika katikati, usimwage. Mmenyuko huu unakwenda hadi mwisho wake kisha unasimama, na standadi imo kwenye maji yaleyale pamoja na wagonjwa. Ziache zifikishe dakika 25 na usome umeme ukirudi. Ukichelewa kurudi kupita saa nzima, rudia upya. Plazima si umeshaitenga?

8. Soma. Weka fotomita kwenye nanomita 505, isawazishe kwenye sifuri kwa blanki, kisha soma standadi, kontroli na wagonjwa. Maliza ndani ya nusu saa, mbali na jua la dirishani. Futa kyuveti kwa nje kila mara, na angalia kama kuna kipovu ndani.

9. Kokotoa. Gawanya usomaji wa mgonjwa kwa usomaji wa standadi, zidisha kwa 5.55. Standadi ikiwa 0.310 na mgonjwa 0.465, jibu ni 1.5 mara 5.55, yaani mmol/L 8.3. Daktari akitaka kwa mg/dL, zidisha kwa 18.

Jibu likipita ukomo ulioandikwa kwenye karatasi ya boksi, mara nyingi ni kati ya mmol/L 22 na 28, usiliandike. Changanya plazima na maji ya chumvi ya asilimia 0.9 nusu kwa nusu, pima tena, zidisha kwa 2.

10. Angalia kontroli kabla ya jibu lolote kutoka. Zote mbili ziwe ndani ya mipaka yake. Moja ikitoka nje, hakuna jibu la mgonjwa linaloondoka mezani, hata kama muuguzi amesimama mlangoni.

11. Toa jibu. Andika kama alikuwa amefunga au la. Kwa aliyefunga, 7.0 na kuendelea ni kiwango cha kisukari, 6.1 hadi 6.9 ni sukari iliyopanda bila kufika huko. Kwa ambaye hajafunga, 11.1 na kuendelea pamoja na dalili. Asiye na dalili anahitaji kurudiwa siku nyingine. Kumwambia mgonjwa "una kisukari" si kazi ya dirisha la maabara. Lakini sukari iliyo chini ya 3.0, au iliyo juu sana, piga simu wodini kwanza ndipo uandike. Na mtoto aliyeletwa na malaria kali, amelegea, hasubiri dakika 10 za bafu-maji: apimwe kwa mashine ndogo hapo hapo kitandani, maabara ithibitishe baadaye.

Mashine ndogo na maabara havikubaliani, nani mkweli?

Mara nyingi wote wawili. Kwa kiwango cha kimataifa kinachotumika, ISO 15197 ya mwaka 2013, mashine ya mkononi inaruhusiwa kupishana na maabara kwa asilimia 15 pale sukari inapokuwa 5.55 au zaidi, na kwa 0.83 pale inapokuwa chini ya hapo. Kwa hiyo 8.0 wodini na 7.2 kwako si ugomvi. Tofauti ya 8 na 6 ni kubwa mno. Anza na kuuliza tyubu yako ilikaa muda gani, halafu uliza kama mgonjwa alinawa mikono. Aliyetoka kumenya embe au ndizi mbivu ana sukari kwenye ngozi ya kidole, na kipande cha kupimia hakijui kutofautisha.

Waongoza watalii nao huniuliza kuhusu mashine hizi huko juu mlimani Kilimanjaro. Vipande vingi vya kupimia vinatumia glukosi oksidesi hiyohiyo, na kwenye hivyo oksijeni ya damu inagombania nafasi na kemikali inayopeleka umeme kwenye mashine. Kibo Hut iko mita 4,720. Damu ikiwa na oksijeni kidogo, usomaji unaweza kupanda kuliko ukweli. Baridi nayo inasumbua. Mteja mwenye kisukari aivae mashine ndani ya koti, karibu na mwili, na namba nzuri isiwe sababu ya kupuuza mtu anayetetemeka na kutoa jasho.

Mambo yakigoma

*Tyubu zote zimebaki bila rangi, hata standadi.* Kimeng'enya kimekufa, au umesahau kuchanganya unga na maji yake. Chupa iliyogusana na barafu ya friji au iliyoachwa juani ndiyo mshukiwa wa kwanza. Iliyolala nje usiku mmoja si lazima imekufa: pima kontroli. Zikikaa ndani ya mipaka, tumia na uandike kwenye daftari. Zikitoka, tupa.

*Standadi ina rangi, mgonjwa hana.* Umesahau kuweka plazima yake, au sukari iko chini kweli. Rudia hiyo moja mara moja, usisubiri kundi lijalo.

*Blanki yenyewe ni ya waridi.* Karibu kila mara ni tyubu zilizooshwa kwa jiki zisisuuzwe vya kutosha. Klorini inatengeneza rangi bila kungoja sukari wala kimeng'enya. Suuza mara kadhaa kwa maji ya kawaida, mwisho kwa yaliyotoneshwa, au tumia tyubu mpya. Kama chupa nzima imegeuka waridi tangu kwenye friji, imezeeka.

*Jibu liko chini kuliko hali ya mgonjwa.* Ukishaondoa suala la kuchelewa, tazama plazima. Ikiwa ya njano kali, kama ya mgonjwa aliyegeuka manjano macho na ngozi, au nyekundu ya chembe zilizopasuka, au mgonjwa amepewa vitamini C kwa wingi, vitu hivyo vinaila peroksaidi kabla haijatoa rangi. Huu ndio ule udhaifu wa hatua ya pili. Damu iliyopasuka chembe ichukuliwe upya. Kwa njano na vitamini C, waambie kliniki, na kama kuna maabara jirani inayotumia heksokinesi, kimeng'enya kingine kisichotegemea peroksaidi, peleka huko.

*Plazima ni nyeupe kama maziwa.* Mafuta yanazuia mwanga na jibu linapanda. Weka mikrolita 10 za plazima hiyo kwenye mililita 1 ya maji ya chumvi, soma kwa 505, toa namba hiyo kwenye usomaji wa mgonjwa kabla ya kukokotoa.

*Wameniletea mkojo.* Usiupime kwa njia hii. Umejaa vitu vinavyoila peroksaidi. Tumia kipande cha kuchovya. Maji ya uti wa mgongo yanapimika, ila kwa haraka ileile ya hatua ya 3.

*Standadi inashuka kidogo kidogo wiki hadi wiki.* Hili hutaliona usipoandika, kwa sababu hesabu ya kugawanya inalificha. Kila siku andika usomaji wa blanki na wa standadi kwenye daftari, pamoja na namba ya boksi. Blanki ikipanda huku standadi ikishuka, chupa inakwisha nguvu hata kama tarehe yake bado. Fungua nyingine, na upime kontroli zote mbili kabla ya mgonjwa wa kwanza.